Baba alinitoa skuli nikafunge mwani, leo wanataka saini yangu

Shangazi, assalam alaykum na shikamoo. Kwanza nisamehe, hii barua siandiki mwenyewe, mie naongea tu kwenye simu na shoga yangu wa kazini ndo anataipu, mana kusoma nasoma lakini herufi moja moja na kuandika ndo kabisa. Ukiitoa naomba jina usiweke wala kijiji.

Mie ni mwanamke wa miaka 35, mzaliwa wa Pemba upande wa kaskazini, kwetu tumezaliwa sita na mie ndo mkubwa. Skuli niliingizwa mwaka 1998 na nilikuwa naipenda, hesabu za kutoa nilikuwa nawashinda hata wanaume. Sasa mama alikuwa anafunga mwani, bamvua ikianza tu mie siendi skuli, ama nakwenda pwani kufunga mbegu kwenye kamba ama nabaki nyumbani na wadogo zangu. Mwalimu akiuliza nasema nilikuwa naumwa. Ukija msimu wa karafuu ndo usiseme, kuchambua mpaka usiku vidole vinauma. Mwaka 2000 nipo darasa la tatu baba akasema basi, mtoto wa kike kusoma kwake chuoni, yaani madrasa, akijua Qur-ani na kupika inatosha, mengine atafunzwa na mumewe. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kuuliza, baba akamkaribisha kahawa wakaongea habari za mvua na bei ya karafuu, kahawa ikaisha akaenda zake. Chuoni nilihitimu, hilo silikatai na nashukuru.

Wadogo zangu wa kiume wawili wamesoma mpaka wamemaliza, mmoja mwalimu mwengine yupo ofisini hapa mjini Unguja. Sare zao na mabuku yalinunuliwa kwa pesa za mwani na huo mwani alikuwa akifunga nani Shangazi, si mie.

Niliolewa nikahamia Unguja, nikapata kazi kwenye hoteli, nimeanzia londri sasa nafanya vyumba. Mwaka huu supavaiza wetu kaondoka, meneja kaniita kanambia wewe ndo unaijua kazi kuliko wote ila ofisini wanataka cheti cha fomu foo. Nafasi kapewa msichana ambae mie ndo nilimfundisha kutandika kitanda. Ni mtoto mzuri, simchukii, lakini nililia chooni siku ile.

Baada ya Idi nikaenda nyumbani. Baba kazeeka, ana miaka 74 na mguu unamsumbua, anasema anataka kugawa mikarafuu yake na nyumba akiwa hai ili tusije tukagombana. Mdogo wangu wa ofisini akatoa karatasi imechapwa, kurasa mbili, akanambia dada weka saini hapa na dole gumba hapa. Nikasema nisomeeni kwanza. Akacheka, "dada na wewe, usome nini, huu utaratibu tu." Watu wakacheka wote ukumbini na baba nae akacheka. Nikasema kichwa kinaniuma nikaenda kulala, sikusaini.

Tangu hapo usingizi sina. Mwanangu yupo fomu tuu, akiniuliza hesabu namwambia kamuulize baba ako. Shoga yangu kanionesha video ya Marekani watu wazima wanasema watawashitaki wazee wao kwa kuwaweka nyumbani bila ya kuwasomesha. Nikajiuliza na mie siwezi? Naweza kumshitaki baba anilipe kwa miaka yangu, au hata asilipe, mahkama iseme tu kuwa alinikosea? Mama kasikia fununu kanambia nikithubutu hana radhi na mie duniani na akhera. Mume wangu anasema nisubiri, mzee ashakuwa wa leo na kesho. Na wadogo zangu wananipigia kila siku saini saini. Nifanyeje Shangazi?

Mfunga Mwani wa Zamani, Unguja Kaskazini

JIBU LA SHANGAZI

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba. Msalimie na shoga yako alietaipu, kaiacha sauti yako kama ilivyo na mie nimekusikia.

Nimeirejea barua yako na naona mambo matatu yamejifunga pamoja, kisa cha kutolewa skuli, kisa cha kupitwa kazini, na hii karatasi ya kurasa mbili. Kwako wewe ni kitu kimoja na naelewa kwa nini, lakini kila kimoja kina mlango wake na saa yake. Na kilichokunyima usingizi, nikisoma vizuri, ni kile kicheko. Angecheka mwengine yeyote ukumbini pale usingeumia kama alivyocheka baba. Sasa nakuuliza kabla ya habari za sheria, ukimfikiria mzee wako kasimama mbele ya hakimu na mguu wake ule, unataka atoe nini mdomoni? Pesa? Samahani? Au unataka wale waliocheka wasikie? Jibu lako usiniambie mie, lishike mwenyewe, mana litakusaidia kujua mlango gani wa kugonga.

Haya twende kwenye sheria. Kwanza nataka ujue kuwa hujazua jambo. Elimu bila malipo kwetu Zanzibar ilitangazwa na mzee Karume tarehe 23 Septemba 1964, na Sheria ya Elimu namba 6 ya mwaka 1982 ikaja kuifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, mzazi hana hiari ya kumuweka mtoto nyumbani. Wewe umetolewa mwaka 2000, ina maana sheria ipo inafanya kazi siku ile mwalimu mkuu anakunywa kahawa kwenu. Kwa hiyo mtu akikwambia "zamani ilikuwa ndo hivyo" mwambie zamani gani. Hii Sheria ya Mtoto inayotajwa sana, namba 6 ya 2011, hiyo nzuri sana lakini imekuja wewe ushakuwa mtu mzima na sheria hairudi nyuma kuhesabu yaliyopita.

Lakini kuwa na haki na kuweza kuidai mahkamani ni safari mbili tofauti. Kosa la mzazi kutompeleka mtoto skuli ni kosa la jinai, anaeshitaki ni serikali kupitia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, sio wewe, na mtu akipigwa faini inaingia serikalini, wewe huoni hata shilingi. Na sijui mwendesha mashtaka gani atamchukua mzee wa miaka 74 kwa jambo la robo karne iliyopita, mashahidi wenyewe ni mama ako na wadogo zako.

Ukija kwenye madai ya fidia, hapo ndo wewe unafungua kesi mwenyewe, tatizo la kwanza ni muda. Madai yana kikomo cha miaka. Kwa alieumizwa akiwa mtoto hesabu kwa kawaida huanza akishakuwa mtu mzima, sasa wewe tangu utimize 18 mpaka leo pamepita mingi. Mwanasheria ndo akutazamie hilo kwa jicho lake, mie sikufungii mlango, ila usiende ukiamini uko wazi.

Tatizo la pili ni la kupima hasara. Na hapa niseme kuhusu ile video, kwa sababu video hizi zinaonesha mtu anatangaza atashitaki, hazioneshi alivyomaliza. Huko huko Marekani kuna kesi maarufu ya mwaka 1976 California, kijana kamaliza sekondari anasoma kwa kiwango cha darasa la tano, akaishitaki skuli. Mahkama ya rufaa ikamkatalia, ikasema haiwezi kujua kitu gani hasa kilimfanya asijue kusoma wala hasara yake ipimwe kwa kipimo gani. Na hiyo ni skuli, ukija kwa mzazi ni zaidi. Mwaka 1891 huko Mississippi binti alimshitaki mama ake kwa kumfungisha kwenye hospitali ya wendawazimu, mahkama ikamkatalia, ikasema amani ya familia kwanza, na majimbo mengi yakafuata. Baadae mengi yamelegeza lakini njia bado ni ya miba. Sasa jiulize, hakimu wetu wa hapa akikuuliza ungekuwa nani kama ungesoma, na ungelipwa kiasi gani, utamuonesha nini? Unaweza kumuonesha wadogo zako, kweli, nyumba moja wazee wale wale. Sio hoja mbaya hiyo, ila ni hoja na sio risiti.

Basi usichukue neno langu peke yake, mie sio wakili. Kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wana ofisi Unguja na Pemba, wapo Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, watu wanawaita ZAFELA, na majimboni wapo wasaidizi wa sheria, muulize sheha wako atakuelekeza. Kusikilizwa hakukufungi kufungua kesi, unakwenda unaeleza unarudi nyumbani.

Sasa karatasi. Mwanangu hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu hapa ndo penye haraka na wewe umepataja kwa kupita tu. Hilo la skuli limekaa miaka 25 linaweza kukaa na mwezi mwengine, saini ikishawekwa hairudi. Unaweza kwenda mahkamani kusema sikujua nilichokisaini, watu wanakwenda, lakini hapo wewe ndo utatakiwa uthibitishe, na karatasi itakuwa inasema kinyume na wewe. Kwa hiyo omba nakala. Usigombe, sema "nipeni nakala nikasomewe na mtu wangu, nikirudi tutazungumza." Ikiwa kweli utaratibu tu hakuna atakaekasirika. Akikasirika mtu, na hilo nalo ni jawabu.

Pengine karatasi haina ubaya wowote, simtuhumu mdogo wako. Inaweza ikawa baba anakupa miti kumi na wewe hujui. Inaweza pia ikawa unasema umeridhika kutopata kitu. Mzee akiwa hai hakuna mirathi, hapo anachotoa ni hiba, yaani zawadi, na katika hiba kuna hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir, baba ake alitaka kumpa zawadi yeye peke yake akaenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W.), Mtume akamuuliza watoto wako wote umewapa mfano wa huyu, akasema la, akakataa kushuhudia na akawaambia wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Maulamaa wamekhitalifiana kama binti apewe sawa na mwanamme au kwa fungu la mirathi, hilo mwende kwa sheikh au kadhi mkalisikilize wote. Na waulize na kiwanja, mana ardhi ya Zanzibar ni ya serikali mtu ana haki ya kutumia tu, kama ni eka tatu zile walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi kuzigawa tena kuna masharti yake, lisije likawa mnagombania karatasi isiyo na nguvu.

Nimesema kadhi, lakini kwa kadhi watu hupeleka ndoa, mirathi, malezi ya watoto, usiende ukitegemea akupe fidia ya darasa la nne mpaka la kumi.

Na hapa pana njia moja nimeifikiria, uipime wewe. Lile unalotaka kulipeleka kwa hakimu lingeweza kusemwa kwenye huo huo mgao. Yaani ukae na baba, ikiwezekana na ami ako mmoja mwenye busara au sheikh anaemsikiliza, useme baba mie sikusoma na pesa za mwani wangu zimesomesha wadogo zangu, naomba hilo litazamwe katika unachogawa. Wapo wanaosema kumzidishia mtoto kwa sababu ya haja yake kunajuzu, muulizeni sheikh mbele ya wadogo zako ili asiseme mtu umependelewa. Au wadogo zako wawili wakulipie wewe masomo, kwa nini isiwe? Hatari zake zipo, wanaweza wakakataa, wanaweza wakasema unamuuza baba, na mzee mwenyewe anaweza akanyamaza kimya usipate hata lile neno moja unalolitaka. Ukienda mahkamani nako usitegemee neno hilo, mtu akishitakiwa anajitetea, hakiri. Huenda ukashinda karatasi ukakosa samahani.

Naomba nikuulize na jengine, usinune. Kwenye barua yako mkosaji ni baba peke yake. Mama alikuwepo pwani na wewe. Mwalimu mkuu alikunywa kahawa akaondoka. Dola yenye sheria ya lazima haikurudi tena kuuliza. Na mzee wa miaka 74 leo, hesabu mwenyewe, elimu ya bure imetangazwa yeye ana miaka 12 au 13 hivi, je yeye alisoma? Hujanambia. Simtetei, na akiwa hakusoma ndo angejua zaidi uchungu wake, ila mtu asiejua kusoma pengine alicheka pale ukumbini kwa sababu na yeye hiyo karatasi hajui imeandikwa nini. Muulize siku mkiwa wawili tu.

Kuhusu radhi. Mama ako kaogopa, na mama akiogopa husema kubwa. Kumtii mzazi ni wajibu na kumheshimu hata ukiwa umedhulumiwa, lakini kuomba haki yako kwa adabu sijasikia sheikh aliesema ni kumuasi mzazi. Wewe mwenyewe umehitimu chuoni, unayajua haya kuliko wengi waliokucheka. Ila uzito wa neno lile moyoni sikupunguzii, mtu anaweza akawa na haki na bado asilale. Na ushauri wa mume wako wa kusubiri, nadhani ana nia njema, lakini mzee akifa na karatasi ikiwa tayari utakuwa unasubiri nini?

Sasa kazini. Rudi kwa meneja, muombe akwambie wazi ni lazima fomu foo au cheti cha fani nacho kinakubalika, mana mara nyingi watu wanasema fomu foo kwa mazoea. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali wana kituo Mkokotoni, huko huko kaskazini kwako, nenda kaulize habari za fani za hoteli na uulize pia kama mtu mwenye ujuzi wa kazini anaweza kupimwa akapewa cheti bila ya kuanza mwanzo. Ukitaka masomo yenyewe, Wizara ya Elimu ina idara ya elimu mbadala na watu wazima, kipo kituo Rahaleo mjini, waulize madarasa ya karibu na kwako ni yapi na yanaanza saa ngapi, mana shifti za hoteli hazina huruma. Ukishapanda huko mbele mtihani wa kidato cha nne unaweza kuufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikudanganyi, kutoka darasa la tatu mpaka hapo ni miaka, na ile nafasi ya usupavaiza haitakusubiri. Halafu utakaa na watoto wa rika la mwanao. Wengine linawashinda hilo kuliko hesabu.

Na huyo mwanao wa fomu tuu, hivi ukimwambia "sijui, nifundishe" itakuwaje? Umesema kutoa ulikuwa unawashinda wanaume. Wewe umekusudia kumficha lakini mtoto wa umri ule anajua zamani, anasubiri tu uanze wewe.

Kwa hiyo kesi ya baba usiifute wala usiikimbilie. Kwa sasa ningependa upate hiyo nakala, ukakae na mwanasheria mara moja, na uende na mambo yako yameandikwa: mwaka ulioingia skuli, mwaka uliotolewa, jina la skuli (rejista zao huenda bado zipo), na nani alikuwepo siku ya karatasi. Mwanao anaweza kukuandikia hayo, kama umekubali ajue. Wadogo zako wakipiga leo waambie umeomba nakala na husaini kwa simu. Ukishasomewa niletee habari, sauti tu inatosha, na uniambie zile kurasa mbili zilikuwa zinasema nini.